Gia Kuukuu Zenye Ufa: Zitumike au Zitupwe?

Wahenga walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa nyumba ya udongo methali hiyo haina kasoro. Kwa shafti ya gari, hata hivyo, yaweza kumpoteza fundi, kwa maana ufa wa chuma uliozibwa juu huweza kuendelea kukua ndani bila kuonekana.

Suala hili hujitokeza kila mara giaboksi la gari la zamani linapofunguliwa. Land Rover, ambazo zilianza kuundwa mwaka 1948, pamoja na malori na matrekta ya miaka iliyofuata, bado zimo kazini katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Na huko Uingereza wako watu wanaoyahifadhi magari ya namna hiyo kama kumbukumbu. Vipuri vyake vingi havitengenezwi tena. Basi fundi anaposafisha gia na kukuta mstari mwembamba kama unywele kwenye shina la jino, hukabiliwa na uamuzi mgumu. Akiitupa, gari litakaa juu ya mawe kwa miezi. Akiirudisha, huenda ikadumu mwaka mzima, au ikakatika kesho mteremkoni. Mara nyingi husikika kauli hii: “Bado inafaa, mbona ilikuwa ikifanya kazi?” Kauli hiyo ndiyo inayostahili kupingwa.

Chombo kufanya kazi jana si ushahidi kwamba kitafanya kazi kesho. Ulimwengu ulifundishwa jambo hilo kwa msiba. Tarehe 8 Mei 1842, garimoshi lililokuwa likirudi Paris kutoka Versailles lilipinduka na kuwaka moto baada ya ekseli ya injini yake kukatika, na watu zaidi ya 50 wakafariki. Ekseli hiyo haikukatika siku ya kwanza ya kazi. Ilikuwa imekwisha kuzunguka mara nyingi mno. Mwaka uliofuata, mhandisi William Rankine alieleza jinsi ekseli za reli zinavyokatika kidogo kidogo, ufa ukianzia kwenye kona ambapo unene wa chuma hubadilika ghafla. Baadaye mhandisi wa reli wa Kijerumani, August Wöhler, alifanya majaribio ya miaka mingi hadi 1870. Alithibitisha kuwa chuma huweza kukatika kwa mzigo mdogo kuliko ule wa kukivunja kwa mara moja, mradi mzigo huo urudiwe mara nyingi. Hali hiyo ndiyo iitwayo uchovu wa metali.

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha maana ya “mara nyingi”. Shafti inayozunguka mara 2,000 kwa dakika huzunguka mara 120,000 kwa saa. Ikiwa inapindwa kidogo kila mzunguko, basi katika safari ya saa tisa imekwisha kupindwa zaidi ya mara milioni moja. Kila mpindo huweza kuusogeza ufa mbele kwa kiasi kisichoonekana kwa macho.

Kwa nini ufa mdogo uwe na nguvu kiasi hicho? Muuza vitambaa analo jibu. Hukata ukingo wa kitambaa kidogo kwa mkasi, kisha huvuta kwa mikono miwili, na kitambaa chote huchanika kufuata alama ile. Nguvu ambayo ingegawanyika katika upana wote wa kitambaa hurundikana kwenye ncha ya mkato. Mwaka 1913 C. E. Inglis alionyesha kwa hisabati kuwa ndivyo ilivyo pia katika bamba la chuma: kadiri ncha ya ufa inavyokuwa kali, ndivyo mkazo unavyozidi hapo.

Hata hivyo, si haki kusema kuwa kila chenye ufa kitupwe. Kuna maswali matatu ya kuulizwa kabla ya uamuzi. Kwanza, sehemu hiyo inabeba mzigo gani? Pili, mzigo huo unarudiwa mara ngapi? Tatu, ikikatika, nani ataumia?

Kifuniko kilichopasuka pembeni hakibebi mzigo mkubwa. Madhara yake ni kuvuja oili, na chaweza kutengenezwa. Mwili wa giaboksi wataka uangalifu zaidi. Ufa ulio mbali na beringi na mbali na bolti za kushikilia waweza kurekebishwa na fundi hodari. Lakini ukipita kwenye kikalio cha beringi, shafti zitaachana kidogo na meno ya gia hayatashikana sawasawa. Tena chuma cha kalibu huvumilia kugandamizwa mara tatu au nne kuliko kinavyovumilia kuvutwa, nacho kikichomelewa bila kupashwa moto kwanza na kupozwa polepole, huweza kupasuka upya kando ya mshono.

Ama gia na shafti, jibu ni moja: zikiwa na ufa, zisirudishwe. Gia nyingi zimekaushwa kwa moto ili ngozi yake iwe ngumu na kiini chake kiwe na ustahimilivu. Ukisugua ufa mpaka upotee, umeondoa ngozi hiyo. Ukichomelea, joto limeiharibu. Na jino likivunjika, kipande chake huweza kuingia kati ya gia nyingine na kuzikwamisha ghafla. Shafti nayo ikikatika mteremkoni, injini haiwezi tena kusaidia kulizuia gari. Katika Land Rover za zamani breki ya mkono hushika shafti inayotoka kwenye giaboksi, wala haishiki magurudumu yenyewe. Kwa hiyo shafti ya mbele yake ikikatika, breki hiyo haina cha kuzuia.

Wako watakaosema kuwa ukaguzi ni anasa ya viwanda vikubwa. Sivyo. Karakana za reli zilitumia mafuta na chaki kwa miaka mingi. Chombo husafishwa, huloweshwa mafuta ya taa mbali na moto, hufutwa kikauke, kisha hupakwa unga wa chaki; mafuta yaliyojificha katika ufa hutoka na kuchora mstari. Kwa chuma, sumaku na chembe laini za chuma huonyesha ufa vizuri zaidi, ingawa njia hiyo haifai kwa alumini. Kugonga kwa nyundo na kusikiliza mlio hugundua ufa mkubwa tu. Wala ufa kutoonekana si hakikisho kwamba haupo.

Ujuzi wa mafundi wazee haustahili kudharauliwa. Wao huona mengi kwa jicho na kidole. Lakini jicho haliwezi kuhesabu mizunguko milioni moja. Hapo ndipo shule inapohitajika. Mwalimu wa fizikia akichukua waya na kuukunja huku na huku mpaka ukatike, kisha akatia alama ya tupa kwenye waya wa pili na kurudia, wanafunzi watahesabu wenyewe tofauti. Baadhi yao kesho watakuwa mafundi, na wengine wengi watakuwa abiria. Bei ya gia mpya hujulikana dukani, na mwenye gari huilipa mwenyewe. Bei ya gia yenye ufa hulipwa na abiria, ambaye hakuulizwa.