Fomu ya Viza Haimjui Anayetokea Mokowe

Wasomaji wangu, leo naweka kando habari za programu huria na simu mpya. Leo nina hasira, na hasira yangu ni ya fomu. Fomu za viza. Na kabla hujasema "hayo ni mambo ya wanasiasa, wewe tuandikie kompyuta," nisikilize kwanza. Fomu hizi siku hizi hazichapwi na karani wa ubalozi. Zinaandikwa na vijana kama mimi, wenye digrii kama yangu. Kwa hiyo ugomvi huu ni wetu.

Hoja yangu ni moja tu. Viza zilipohamishwa kutoka dirisha la ubalozi kwenda kwenye tovuti, tuliambiwa mipaka imefunguka. Haikufunguka. Utaratibu wa zamani, uliotungwa kwa ajili ya abiria wa ndege, ulichukuliwa vilevile ulivyo ukawekwa kwenye seva. Msafiri wa barabara, yule anayepita nchi sita au kumi kwa basi, pikipiki au baiskeli, hakuwemo kwenye karatasi na hayumo kwenye tovuti. Kwa mfumo, mtu huyo ni hitilafu.

Mimi ni mtu wa Lamu. Safari ndefu ya kwetu huanza kwa boti mpaka jeti ya Mokowe, kisha basi: Witu, Garsen, Malindi, Mombasa. Balozi ziko Nairobi, mbele zaidi. Mtu wa Faza au Kizingitini anayetakiwa kufika ubalozini mara mbili, kupeleka pasipoti na kuichukua, ameshasafiri safari nzima kabla hajatoka nchini.

SAFARI MBILI, KIJANA MMOJA

Tumchukue kijana wa kufikirika kutoka hapa kisiwani. Ana pasipoti ya Kenya, ana akiba yake, ana baiskeli nzuri.

Safari ya kwanza: Cape Town. Anavuka Lunga Lunga kuingia Tanzania, ambayo ni jumuiya yetu ya Afrika Mashariki. Anapita Tunduma kuingia Zambia, hahitaji viza. Anavuka mto Zambezi pale Chirundu kuingia Zimbabwe, hahitaji viza. Anafika Beitbridge kuingia Afrika Kusini, na hapo tangu Januari 1, 2023 Mkenya hupewa mpaka siku 90 kwa mwaka bila viza. Hesabu viza alizoomba: sifuri. Hadi mwisho wa 2022 Afrika Kusini ilikuwa inadai viza, barua za benki na kila kitu. Marais wawili wakakubaliana, kizuizi kikaondoka.

Safari ya pili: Ulaya, kupitia Moyale, Ethiopia, Sudan, Misri na kuendelea mpaka Ugiriki. Vita vya Sudan vilivyoanza Aprili 2023 vimeivuruga njia hiyo, lakini tuseme amani imerudi na anaendesha pole pole kwa miezi minane. Je, makaratasi yanamruhusu?

Sheria ya viza ya Schengen inasema hivi. Omba kwenye ubalozi unaohudumia nchi unayoishi. Usiombe mapema zaidi ya miezi 6 kabla ya siku ya kuingia. Lete bima ya afya isiyopungua euro 30,000. Lipa ada, ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima, na ukikataliwa hairudi.

Haya, wewe unayejua programu, endesha kanuni hizo kichwani. Siku anayotoka Lamu, tarehe ya kuingia Ugiriki iko miezi minane mbele: ni mapema mno kuomba. Miezi 6 ikitimia, yeye yuko barabarani Ethiopia, nchi asiyoishi: si mahali pake pa kuomba. Kuna upenyo mdogo, kwamba aeleze kwa nini hakuomba nyumbani na ubalozi ukubali. Lakini huwezi kupanga safari ya miezi minane juu ya huruma ya mtu usiyemjua. Njia ya uhakika ni moja tu: aiache baiskeli, apande ndege arudi Nairobi, aombe viza, kisha apande ndege tena kurudi alikoiacha. Yaani ili usafiri kwa barabara, kwanza usafiri kwa ndege!

Na sikiliza hili, watu wa pwani. Sheria hiyohiyo inampa baharia aliye kazini miezi 9 badala ya 6. Walioitunga walikaa wakafikiri: baharia hukaa mbali na nyumbani muda mrefu, tumwekee nafasi. Kwa hiyo akili ya kufikiri hivyo wanayo. Ni kwamba msafiri wa barabara hakuna aliyemkumbuka.

KUSUBIRIANA

Chuoni tulifundishwa kosa linaloweza kuikwamisha kompyuta nzima: programu mbili, kila moja imeshika kitu ambacho mwenzake anakihitaji, na kila moja inamsubiri mwenzake aachie kwanza. Hakuna inayokosea peke yake, lakini hakuna kinachosonga.

Viza za safari ya nchi nyingi ni kosa hilo. Nchi ya pili haikupi viza ya kupita mpaka uonyeshe viza ya nchi ya tatu. Nchi ya tatu inataka tarehe kamili ya kuingia, na hiyo huijui mpaka nchi ya pili ikujibu. Wakati huohuo viza ya nchi ya nne, uliyoikimbilia mapema, imeanza kuhesabu siku tangu ilipotolewa, na itakufa kabla hujaufikia mpaka wake. Kila ubalozi unafanya kazi kama programu isiyojua kwamba kuna programu nyingine duniani. Anayebeba mzigo wa kuziunganisha ni msafiri, na kifaa alichonacho ni daftari na kalamu.

Je, mtandao ulitibu haya? Tazama Ethiopia ilipoanzisha viza ya mtandao. Ilikuwa ya anayetua uwanja wa ndege wa Bole, Addis Ababa. Novemba 2018 wakaenda mbele zaidi, Waafrika wote wakaruhusiwa kupata viza wakifika. Wakifika wapi? Bole! Sisi Wakenya tunapita Moyale bila viza kwa mapatano ya zamani, hivyo halikutuuma. Lakini Mwafrika wa nchi nyingine aliyefika Moyale kwa basi alikuta ukarimu ule haujafika barabarani. Mtu yuleyule, pasipoti ileile, mlango tofauti.

NA SISI JE?

Tusicheke jirani. Desemba 12, 2023 Rais Ruto alitangaza kwamba Kenya haitadai viza tena kwa mtu yeyote. Tukapiga makofi. Januari 2024 ikaja eTA, yaani kibali cha kusafiri cha mtandaoni: jaza fomu, weka picha, weka mpango wa kufika na kuondoka, weka uthibitisho wa mahali pa kulala, lipa dola 30, usubiri siku tatu. Mzambia na Mmalawi waliokuwa wakiingia kwetu bila viza wala malipo wakajikuta wana fomu na ada. Walipoteza uhuru waliokuwa nao, na tangazo linasema wamepewa uhuru. Mwaka 2025 serikali ikawaondolea kibali hicho raia wa Afrika karibu wote, isipokuwa wa Somalia na Libya.

Nchi ya kigeni pekee inayopakana na kaunti ya Lamu ni Somalia. Wabajuni wana jamaa Kiunga na wana jamaa Kismayu. Mpaka ule ulifungwa rasmi 2011. Mei 2023 serikali ilitangaza kuufungua kwa awamu, Ras Kamboni ikiwemo, na Julai mwaka huohuo ikaahirisha baada ya mashambulizi. Kwa hiyo tangazo la 2025 kwetu lina maana hii: Afrika yote mnakaribishwa, ila yule mnayemwona mkisimama Kiunga.

Hapo mtu ataniambia: usalama! Sisi wa Lamu hatufundishwi usalama na mtu. Tunaijua Mpeketoni. Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa kule, na wauaji, wawe walitoka nje au ndani, hawakujaza fomu wala kulipa ada. Doria za baharini, askari wa msituni na raia wasioogopa kuripoti, hiyo ni kazi ya usalama. Kumdai mwalimu wa Lusaka risiti ya hoteli si kazi ya usalama.

Na ushahidi tunao. Mwishoni mwa Julai 2023 mfumo wa eCitizen ulishambuliwa mtandaoni na kundi lililojiita Anonymous Sudan. Huduma zikalala, viza ya mtandaoni ikiwemo. Serikali ilifanya nini? Ilisema wageni waliostahili viza hiyo wapewe wakifika. Afisa akatazama pasipoti, akatazama uso, akagonga muhuri. Kama ukaguzi wa mlangoni ulitosha siku mfumo ulipokufa, ile fomu siku nyingine inalinda nini?

VITU VIWILI VYA MANJANO

Usiniambie haiwezekani nchi nyingi kukubaliana juu ya karatasi moja. Zimeshakubaliana, mara mbili, na mara zote mbili kwa rangi ya manjano.

Cha kwanza ni kile kitabu cha chanjo ya homa ya manjano. Kinatambuliwa dunia nzima, na tangu Julai 2016 chanjo moja hutambuliwa kwa maisha yako yote. Hakuna anayeuliza ulifika kwa ndege au kwa punda.

Cha pili ni ile Kadi ya Njano ya COMESA, bima ya gari inayofanya kazi tangu miaka ya 1980. Unainunua nchini kwako, nayo inakubaliwa Uganda, Rwanda, Zambia, Malawi, Ethiopia na kwingineko, hata Tanzania ambayo si mwanachama wa COMESA. Gari lina karatasi moja ya nchi nyingi. Dereva aliyelikalia hana!

Halafu itazame bandari yetu. Machi 2012 Mwai Kibaki, Salva Kiir na Meles Zenawi walikuja hapa kuzindua mradi wa LAPSSET, wa kuiunganisha Lamu na Juba na Addis Ababa. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Yote hayo kwa ajili ya kontena. Binadamu je? Julai 2016 pale Kigali pasipoti ya Afrika ilizinduliwa kwa shangwe, Paul Kagame na Idriss Déby wakapewa za kwanza. Januari 2018 ukaja mkataba wa watu kutembea huru Afrika, unaohitaji nchi 15 kuuridhia ndipo uanze kazi. Zilizoridhia ni chache mno.

KAZI KWENU, WAANDIKA PROGRAMU

Sitaki niishie kulalamika. Mikataba ni ya marais, lakini fomu ni yetu. Ukiajiriwa kesho kujenga mfumo wa viza, wa nchi yoyote, dai haya matano.

1. Njia ya kuingia iwe chaguo. Orodha ya viwanja vya ndege ikae pamoja na Lunga Lunga, Namanga, Busia, Malaba na Moyale. Namba ya ndege isiwe lazima.

2. Saa ianze kuhesabu siku mtu anapovuka, si siku kibali kilipotolewa. Na tarehe ya kuingia iwe kipindi cha wiki kadhaa. Barabara ina mvua.

3. Usidai malazi ya kila usiku. Anayelala njiani hajui atalala wapi Alhamisi.

4. Ombi moja, nchi kadhaa. Si ndoto: tangu 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zina viza moja ya utalii, dola 100, siku 90. Iongezeeni nchi.

5. Kibali kifanye kazi bila mtandao. Weka kwenye karatasi alama ya kuskani yenye sahihi ya kidijitali, afisa wa mpaka wa mbali aithibitishe hata mnara wa simu ukizima.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji teknolojia mpya. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweza kuyaandika. Yanahitaji tu mtu mmoja kwenye kile kikao cha mradi, wakati wote wanazungumzia abiria wa ndege, ainue mkono aulize: na anayekuja kwa basi?

Ukiwa kwenye kikao hicho, ndugu yangu, inua mkono. Ukinyamaza, kompyuta haitamkumbuka mtu ambaye wewe umemsahau.