Kabla timu haijapanda gari, ulizeni bima

TIMU ya Lushoto ikiwa na mechi Tanga mjini, safari inaanza kwa kushuka. Hadi Mombo, kupitia Soni, ni zaidi ya kilomita 30 za kona na miteremko. Dereva asiyetumia gia nzito anakanyaga breki njia nzima. Wachezaji wanaimba, breki zinanuka. Zikichemka kupita kiasi zinaweza kuwasha tairi, na moto ukishika tairi, gari zima liko hatarini.

Hizi si stori za kijiweni. Juni 28, 2025, basi na basi dogo yaligongana Sabasaba, Same, kwenye barabara kuu hiyohiyo inayopita Mombo. Yote mawili yaliteketea na watu zaidi ya 35 walifariki.

Pamoja na hayo, viongozi wengi wa klabu wakikodi gari wanauliza bei na muda wa kuondoka tu. Wakiona stika ya bima kwenye kioo, freshi, twendeni. Hapo ndipo wanapofungwa bao la kizembe.

Sheria inalazimisha bima ndogo tu, ile inayolipa madhara ambayo gari limewasababishia wengine. Gari lenyewe likiungua, mwenye nalo hapati hata senti. Anayelipwa ni mwenye bima kubwa, au ile ya kati inayoongeza moto na wizi.

Kuna mtego mwingine. Noah iliyokatiwa bima ya matumizi binafsi ikibeba timu kwa malipo, kampuni inaweza kukataa kulipa hata kama bima ni kubwa. Mwenye gari atamgeukia nani? Klabu, ambayo hata hela ya jezi inachangisha.

Dawa ni ndogo. Kabla ya kutoa advansi, katibu aulize aina ya bima, matumizi yaliyoandikwa na tarehe ya kuisha, kisha ahakiki namba ya gari kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA). Mkataba wa kukodi useme wazi nani anabeba hasara ya moto. Vyama vya soka vya wilaya navyo vidai nakala ya bima hiyo kabla timu haijasafiri.

Bima hairudishi uhai, hivyo mtungi wa kuzimia moto na dereva anayeujua mlima ni lazima. Ila mechi ikiahirishwa hupangiwa siku nyingine. Gari likiungua bila bima ya moto, deni linaweza kuiua klabu.