Theluthi Mbili Peke Yake Haitoshi

Mkulima wa kahawa wa Mbinga ajua kwamba masharti ya chama chake cha ushirika hayabadilishwi mpaka wanachama wameitwa katika mkutano mkuu. Lakini Katiba ya nchi, iliyo kubwa kuliko masharti yote, yaweza kubadilishwa bila mkulima huyo kuulizwa neno. Ibara ya 98 yadai kura za theluthi mbili ya Wabunge wote. Na kwa mambo ya msingi yahusuyo Muungano, theluthi mbili ya Wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wale wa Zanzibar.

Tangu ilipopitishwa mwaka 1977 hadi mwaka 2005, Katiba yetu ilirekebishwa mara 14. Hilo si kosa, kwani taifa hukua. Swali si mara ngapi, bali kwa njia gani.

Mwaka 1983 Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilitoa mapendekezo yake, na wananchi wakayajadili kwa takriban mwaka mzima. Haki za binadamu hazikuwamo katika mapendekezo hayo. Wananchi ndio waliozidai, na mwaka 1984 zikaingizwa katika Katiba.

Mwaka 1991 Tume ya Jaji Francis Nyalali ilikusanya maoni juu ya mfumo wa vyama. Karibu watu 80 katika kila 100 walitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo Tume ilipima hoja za wachache, ikapendekeza vyama vingi, na Katiba ikarekebishwa mwaka 1992. Kwa hiyo, kusikiliza si kuhesabu vichwa tu.

Mwaka 2014 Bunge Maalumu lilipitisha Katiba Inayopendekezwa, na neno la mwisho likawa la wananchi. Lakini kura ya maoni iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa.

Hatubezi kazi ya Wabunge. Tunasema tu kwamba theluthi mbili yatosha kuhalalisha badiliko, wala haitoshi kulifanya liheshimiwe. Hivyo ni wajibu kila rekebisho zito lifikishwe Peramiho, Namtumbo na Tunduru kwa Kiswahili chepesi, na mapema, kabla muswada haujafika Dodoma. Mwananchi aliyeshiriki kuitunga sheria hahitaji kushurutishwa kuilinda.