NYUNDO YA TANI JUU, KIBARUA WA MALAPA CHINI!

Na Mwandishi wa Kujitegemea, Dirma, Hanang

NDUGU msomaji, kama hujawahi kusimama karibu na mtambo wa kugongelea nguzo za msingi, nikuambie: kishindo chake unakisikia tumboni kabla ya masikioni. Nyundo ya tani kadhaa inavutwa juu, inaachiwa, inatua kwenye kichwa cha nguzo. Du! Ardhi inatetemeka. Inavutwa tena. Du! Hivyo hivyo kutwa nzima, mpaka nguzo ifike kwenye udongo mgumu utakaobeba daraja, gati au ghorofa la mwenye nazo.

Sasa jiulize, chini ya nyundo hiyo amesimama nani? Mkandarasi? Yuko kwenye gari lenye kiyoyozi. Mheshimiwa aliyeweka jiwe la msingi? Alishaondoka na msafara wake. Aliyesimama pale ni kijana wa Dirma!

Ninasema kijana wa Dirma kwa sababu namfahamu. Tulimaliza naye kidato cha nne, tukapandia basi Katesh kwenda Dar es Salaam kutafuta riziki. Tukapata deiwaka kwenye kazi moja ya ujenzi ambayo sitaitaja. Nyapara alitutazama mikono, basi. Jina hakuuliza.

Siku hiyo hiyo mwenzangu akapewa kazi ya kushika nguzo isiyumbe wakati winchi inainyanyua. Kwa mikono mitupu! Miguuni malapa. Siku ya tatu nguzo ikazunguka, ikambana mkono kwenye reli za mtambo. Vidole viwili vikabaki pale pale. Nyapara akampa nauli: "Pole sana mdogo wangu, nenda nyumbani ukapumzike." Anapumzika mpaka leo, anachunga ng'ombe wa baba yake.

BAHATI MBAYA GANI?

Wakubwa wanalipenda sana neno "bahati mbaya". Bahati mbaya gani wakati hatari zote zinajulikana?

Nguzo inayonyanyuliwa haishikwi kwa mkono, inaongozwa kwa kamba ndefu, na mwenye kamba anakaa mbali. Opareta anafuata ishara za mtu mmoja tu. Pale kwetu walikuwa wanapiga kelele watu watano! Waya wa winchi unakaguliwa kabla ya kazi kuanza, na ukikatikakatika nyuzi unatupwa. Kazi ikisimama, nyundo inashushwa au inafungwa kwa pini, na hakuna anayekatiza chini yake hata kama ni kwenda kunywa maji.

Mtambo nao husimama kwenye ardhi ngumu, iliyo sawa, au juu ya mbao nene na mabamba ya chuma. Ukisimama kwenye tope utapinduka tu. Sisi wa Hanang nani atufundishe udongo uliolowa unafanya nini? Desemba 3, 2023 tope la Mlima Hanang lilishuka Katesh na Gendabi, likaua watu zaidi ya 80.

Na masikio je? Kelele ya desibeli 85 kwa saa nane kila siku inatosha kuyaharibu. Karibu na nyundo ya dizeli zinazidi 100. Vizibo vya masikio bei yake haifiki hata soda chache, lakini bosi anaona ni gharama!

SHERIA IPO, IMELALA KABATINI

Tusiseme nchi haina sheria. Ipo. Ile ya viwanda ya mkoloni ya mwaka 1950 ilifutwa, ikaja Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Namba 5 ya mwaka 2003. OSHA ipo na wakaguzi wake. Ipo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wake, WCF, ulianza Julai 2015. Mfanyakazi akiumia kazini, matibabu na fidia ni haki yake, wala si hisani ya nyapara. Ila taarifa isipofika ndani ya miezi 12, haki hiyo inapotea.

Hapo ndipo mchezo ulipo. Mwajiri gani atatoa taarifa ya ajali ya mtu ambaye hajawahi kumwandika jina? Kwenye daftari mwenzangu hakuwepo. Kwa hiyo hakuumia! Siku mkaguzi alipokuja, sisi deiwaka tuliambiwa tukae nje ya geti mpaka aondoke.

Machi 29, 2013 ghorofa liliporomoka katikati ya Dar es Salaam, wakafa watu 36. Novemba 16, 2024 likaporomoka jingine Kariakoo, wakafa watu wasiopungua 29, Waziri Mkuu akaunda timu ya kukagua majengo. Sawa. Lakini vidole vya kibarua haviundiwi timu!

SERIKALI NDIYO MTEJA

Msidanganywe kwamba haya ni mambo ya makampuni binafsi. Madaraja, gati na reli ni fedha ya umma. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3, lilizinduliwa Juni 19, 2025, na tunajivunia. Basi mteja aweke sharti kwenye mkataba: hakuna jina la kibarua kwenye daftari, hakuna mtambo kuwashwa. Hakuna buti na kofia ngumu, hakuna malipo. Mkandarasi anayenyimwa hundi hujifunza haraka kuliko anayepewa semina.

Nanyi vijana wenzangu wa vijiweni, tuache ushujaa wa kijinga. Mchungaji hasimami kati ya fahali na boma, kwa nini usimame kati ya nguzo na reli? Dai jina lako liandikwe kabla hujashika chochote. Tunza namba ya nyapara na jina la kampuni. Mtasema, ukikataa wapo kumi getini wanaosubiri. Kweli. Basi na muafikiane nyote kumi hapo hapo getini, muone kama nyundo itajipandisha yenyewe!

Mwenzangu amebaki na vidole vinane. Wakija tena Dirma kuomba kura, watampaka wino kidole kipi?