Virunga: Miba ya inkeri si takataka ya pori

Kandokando ya mbuga ya Virunga, Kivu ya kaskazini, raia wengi wanaona inkeri kama takataka tu: mmea unaotambaa, unaochoma mikono na kurarua nguo. Panga likipita, hakuna anayeuhurumia.

Lakini mmea huo unalisha wengi. Gorila wa milimani, ambao duniani kote wamezidi 1000 kidogo tu, wanakula majani na matunda yake. Ndege wanakula matunda na kupeleka mbegu mbali. Pale miti imekatwa kwa ajili ya makala, inkeri ni kati ya mimea inayorudi mapema. Ndani ya miba yake ndege wadogo wanajificha, na miche ya miti inapata kinga.

Lawama isiwaangukie wakimbizi wa ndani. Mama aliyepewa unga bila kuni ataupikia nini? Serikali na mashirika ya misaada yanapogawa chakula, yagawe pia makala na majiko yasiyokula kuni nyingi. Na wenye mapanga wakate inayoziba njia tu, nyingine waiache. Pori lisiloachiwa hata miba, kesho halitakuwa na miti.