Katamarani ya kuagiza: bei ikipanda, abebe nani?

Mtu akienda kwa fundi cherehani kushonesha kanzu ya Idi, hupimwa, akataja kitambaa na tarizi aipendayo, akaambiwa bei, akatoa rubuni, kisha akaenda zake. Idi ikifika na kanzu haijawa tayari, hasara ni ya siku moja. Lakini wako watu wanaoagiza chombo cha tanga kwa mtindo uo huo wa kanzu, hasa chombo cha miili miwili kiitwacho katamarani, na hapo hasara si ya siku moja. Chombo hubaki juu ya magogo, nusu kimeundwa, nyasi zikaota chini yake. Mwenyewe hudai fundi amekula pesa. Fundi naye hudai mwenyewe alibadilisha shauri kila Ijumaa. Aghalabu wote wawili husema kweli.

Jina hilo la katamarani asili yake ni Kitamil, na maana yake ni magogo yaliyofungwa pamoja. Kuunganisha miili miwili ni ustadi wa watu wa visiwa vya Pasifiki. Na ngalawa yetu, pamoja na matengo yake mawili yaliyoshikwa kwa mirengu, wataalamu wengi huihesabu katika ukoo huo, uliovuka bahari na mabaharia wa visiwa vya Asia waliofika hata Bukini. Basi katamarani si mgeni kwetu, ila kwa bei yake.

Bei hiyo yatoka wapi? Mtu huiona miili miwili imesimama akadhani kazi imekwisha. La! Waundaji wazoefu husema kuwa mwili mtupu hauzidi theluthi moja ya gharama, na mara nyingi haufiki. Pesa huishia kwenye mlingoti, matanga, kamba, mashine, matangi ya maji, nyaya za umeme, madirisha, vitanda na rangi. Tena iko siri ambayo mwenye jahazi haijui. Jahazi likipigwa na upepo hulala ubavu, na upepo mwingine ukapita zake. Katamarani hailali. Nguvu yote huuangukia mlingoti, kamba zinazoushikilia na ile boriti ya kati iuchukuayo, kwa hiyo vyote hapana budi viwe vya nguvu zaidi. Ongeza usukani wa pili, na mara nyingi mashine ya pili.

Liko na jambo la urefu, ambalo ndilo liwafilisilo wengi. Mtu huanza na chombo cha mita 9, kisha rafiki yake akamwambia mita 12 ndizo zitakazomfaa. Kwa macho ni nyongeza ya theluthi tu. Lakini chombo hurefuka, hupanuka na kuinuka kwa pamoja, na ukipiga hesabu ya ukubwa wake wote utaona umezidi mara mbili na zaidi. Mbao, gundi, matanga na siku za mafundi hufuata ukubwa huo, wala hazifuati futi kamba.

Ujira wa mchoraji wa ramani ndio watu waulalamikiao zaidi, ilhali kwa kawaida hauzidi kumi kwa mia ya gharama zote. Kwa maoni yangu, hapo si mahali pa kubania. Fundi wetu wa Matondoni huunda jahazi bila ramani kwa sababu jahazi ameirithi. Kila taruma analijua kwa jicho. Katamarani hakuirithi. Asiyetaka gharama ya ramani mpya na anunue ramani iliyokwisha kujaribiwa baharini. Mwingereza James Wharram, aliyefariki mwaka 2021, aliishi kwa kuuza ramani kama hizo kwa watu wa kipato kidogo, baada ya yeye mwenyewe kuvuka Atlantiki mwaka 1955 na 1956 kwa chombo cha futi 23 na nusu. Katika vyombo vyake vingi maboriti hufungwa kwa kamba badala ya bolti. Sisi ambao mitepe yetu ilishonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja hatuna la kushangaa hapo!

Lakini gundi ya kisasa, mbao za plai za baharini, vitambaa vya matanga na vyuma visivyoshika kutu hununuliwa kwa dola. Mwanzoni mwa mwaka 2022 dola moja ilikuwa kama shilingi 113. Januari 2024 ilifika 160, kisha mwaka huo huo ikarudi hadi kama 130. Vifaa vya dola 10,000 vilivyohesabiwa shilingi 1,130,000 siku ya kupatana viligeuka 1,600,000 kabla ya matanga kununuliwa. Ni nani aliyepaswa kulipa hizo 470,000?

Hapa ndipo sheria yetu ina neno. Mwenye chombo akinunua vifaa vyote mwenyewe na fundi akaleta mikono yake tu, hiyo ni ijara, na bei ya vifaa ikipanda ni juu ya mwenye mali. Fundi akileta vifaa na kazi pamoja kwa bei moja iliyokatwa, hiyo ni istisnaa, na mzigo ni wake. Madhehebu ya Hanafi yaliikubali istisnaa tangu zamani. Sisi Mashafii tulikuwa tukiiingiza katika salamu, ambamo bei yote hulipwa pale pale. Mwaka 1992 huko Jeddah baraza la fikihi la nchi za Kiislamu liliipitisha istisnaa, likaruhusu malipo ya mafungu, kwa sharti sifa za kitu zielezwe na muda utajwe. Yaruhusiwa hata kupatana fidia ya kuchelewa, isipokuwa kuchelewa kumetokana na jambo lililo nje ya uwezo wa mtu.

Mafundi wengi hupatana bila kujua wamo katika akdi ipi. Huchukua vifaa juu yao kama watu wa istisnaa, kisha bei ikipanda huomba nyongeza kama watu wa ijara, na mwenye pesa akikataa, nyundo huwekwa chini. Ningekuwa fundi, nisingekubali kukata bei ya kitu cha dola kwa shilingi. Ningekata bei ya miili mitupu, kwa mbao zilizokwisha kufika uwanjani, na vilivyobaki mwenyewe avinunue nami nivifunge kwa ujira. Na akija Ijumaa kutaka dirisha lisogezwe, ningemletea karatasi atie sahihi, bei ya dirisha hilo ikiwa imeandikwa, kabla sijashika msumeno.