Eti Mwandishi Hahitaji Kujua Seva!

Waandishi wenzangu, kuna maneno yamezagaa vijiweni kwetu na leo nataka niyajibu hadharani. Eti mwandishi ni msanii, kazi yake ni kuumba wahusika, mambo ya kompyuta awaachie mafundi. Wanaosema hivyo hujidai kabisa, kana kwamba kutojua ni sehemu ya kipaji. Mimi nasema huo ni uvivu, na unatugharimu miswada.

Tutazame hali yetu ilivyo. Wengi wetu tuliomaliza sekondari juzijuzi hatuna kompyuta ya kwetu. Sura ya kwanza unaichapa ofisini kwa mjomba watu wakishaondoka, ya pili steshenari kwa kulipia, ya tatu kwa rafiki, na maoni ya mhariri unayasoma kwenye simu ndani ya daladala. Kinachounganisha vipande vyote hivyo ni sanduku la barua pepe. Sasa kama sanduku hilo lina sura hii kwa mjomba na sura nyingine kwa rafiki, wewe una riwaya au una mabaki ya riwaya?

Kiini cha tatizo ni njia inayotumika kuchukua barua. Njia ya zamani inaitwa POP. Ilianza mwaka 1984, na toleo lake la tatu, POP3, likatoka 1988. Hufanya kazi kama tarishi: anachukua barua posta, anakuletea nyumbani, na kule posta kwa kawaida habakizi kitu. Kwa mwenye kompyuta moja, haina neno. Kwetu sisi wa kuhamahama ni balaa. Barua iliyochotwa leo ofisini, kesho kwa rafiki huioni. Isitoshe, POP haijui folda. Ukijipangia folda ya miswada na folda ya wahariri, zinaishi ndani ya mashine ile ile uliyozitengenezea.

Kuna atakayesema, "Si unachagua tu barua zibaki kwenye seva?" Haya, chagua. Kila mashine itakushushia barua zile zile upya. Uliyoisoma huku, kule itaonekana haijasomwa. Na jibu ulilomwandikia mhariri litabaki kwenye mashine uliyoitumia kulituma. Hapo umetibu nini?

Njia ya pili ni IMAP, aliyoianzisha Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1986. Hapa barua na folda zake makao yake ni seva, na kompyuta au simu hushika nakala tu. Kila barua ndani ya folda ina namba yake, na alama za kwamba imesomwa au imejibiwa huwekwa kule kule kwenye seva. Ukihamisha barua kwenda folda ya miswada ukiwa ofisini, jioni ukifungua simu unaikuta humo. Gmail, ambayo vijana wengi tunaitumia, iliruhusu IMAP tangu 2007. Kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba ni teknolojia ya matajiri.

Nina ugomvi na baadhi ya mafundi pia. Mmoja aliniwekea POP kwenye kompyuta ya duka bila hata kuniuliza nafanya kazi wapi na wapi. Masahihisho ya sura ya tano yakaingia kwenye mashine ile, duka likahama mtaa, na mimi nikaanza kumwandikia mhariri kumwomba anitumie tena. Mhariri ana miswada mingi mezani, jamani. Akikuona msumbufu, anasonga kwa mwingine.

Wengine hulalamika kwamba IMAP inakula bando. Si lazima. Programu nyingi hukuruhusu kushusha vichwa vya barua kwanza, kisha ukafungua unayoitaka tu. Tena IMAP yenyewe inaweza kuleta maneno ya barua na kuuacha mswada ulioambatishwa mpaka uuitishe.

Nisieleweke vibaya, IMAP si malaika. Programu nyingine ina folda za ndani ya kompyuta, na ukihamishia barua huko, kwenye seva inaondoka. Nyingine hujitengenezea folda yake ya barua zilizotumwa, ukajikuta nazo mbili. Mwaka 2011 ulitoka utaratibu wa kuzitambulisha folda hizo kwa alama maalumu, lakini si kila programu inaufuata, kwa hiyo ingia kwenye mipangilio uchague mwenyewe. Na kubwa kuliko yote: folda kulingana kila mahali si sawa na kuwa na akiba. Ukifuta barua kwenye simu, imefutika na kwa mjomba. Nakala ya mswada iwe pia kwenye flashi, na nyingine kwenye karatasi ukimudu.

Na kwenye kompyuta ya watu usifunge programu ya barua hata kidogo. Ingia kwa kivinjari, fanya kazi yako, toka kabisa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali yetu sisi ni maneno, na daftari la siku hizi ni hizo folda. Basi kabla hujakaa tena kijiweni kulalamika kwamba wachapishaji wanatubania, nenda kafungue mipangilio ya barua zako uone pameandikwa POP au IMAP. Kama ni POP, nakili kwanza barua zilizo kwenye mashine hiyo, halafu badilisha leo. Na anayeshikilia kwamba haya si mambo ya mwandishi aandike katika kurasa hizi hizi, nitamjibu.